Kutafuta Meli Zilizozama, Kuanzia Feri

Alhamisi, Feri

Nimeanzia soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Hakuna mahali mjini unapouona mlango wa bandari kwa ukaribu kama pale, na supu yao ya pweza haina mpinzani. Mnada wa alfajiri ulikuwa umeshakwisha. Waliobaki ni wachuuzi wa rejareja, kina mama wa kukaanga, na wazee ambao hawana cha kununua wala cha kuuza ila soko ni kwao.

Nina swali linalonisumbua tangu zamani. Pwani hii ina miamba ya matumbawe kwenda mbele, ina mafungu yanayoibuka maji yakipwa na kupotea yakijaa, ina pepo za kusi na kaskazi zinazopokezana mwaka mzima, na vyombo vimepita hapa karne kwa karne. Kwa hesabu hiyo chini ya maji haya pangejaa mizoga ya vyombo. Mbona hatuonyeshani hata mmoja? Ukimuuliza mtu wa Dar meli zilizozama ziko wapi, anadhani una mzigo wako umekwama bandarini.

Nikakaa ukutani nikautazama mlango. Ni mwembamba kuliko mgeni anavyodhani. Meli ya makontena ilikuwa inaingia polepole, rubani wa bandari yuko juu, tagi za kuisukuma ziko ubavuni, na pantoni imesubiri upande wa Kigamboni mpaka mkubwa apite. Abiria wa pantoni wala hawakuitazama meli. Wameizoea.

Hapo mlangoni ndipo Wajerumani walipozamisha chelezo chao cha kuelea, gati la kutengenezea meli, mwezi Agosti 1914. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeanza siku chache tu. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ilikuja ikapiga mizinga mnara wa simu ya upepo uliokuwa mjini, na wakubwa wa bandari wakaona bora wauzibe mlango kuliko kumsubiri adui aingie. Chelezo kikajazwa maji, kikalala chini pale pale njia inapopita. Ila walikuwa na manowari yao wenyewe, Königsberg, iliyotoka bandarini tarehe 31 Julai kwenda kuwinda, na sasa nyumba yake imefungwa naye yuko nje.

Mengine yote yanatokana na hapo. Königsberg haikuwa na pa kurudi, ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, mahali ambapo manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa uchache wa maji. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilichomoka huko, ikaikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Makaburi ya mabaharia wake yako kisiwani Chapwani mpaka leo. Kisha Königsberg ikarudi Rufiji, na yenyewe mitambo imeikorofisha, wala haikutoka tena baharini.

Karibu yangu alikuwepo mzee anashona wavu, sindano ya mti mkononi, kidole gumba kinahesabu tundu bila macho kusaidia. Nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Unaandika nini?"

Nikamwambia ninaandika habari za meli ya Wajerumani iliyozamia Rufiji. Akavuta uzi akaukata kwa meno.

"Manowari na bomba tatu," akasema. "Hiyo hata bibi yangu aliitaja. Yeye kwao Mohoro, huko huko Rufiji."

Jina hilo ndilo lililoenea pwani nzima, kwa sababu ya dohani zake tatu. Nilimuuliza bibi alisimulia nini zaidi. Akasema bibi hakusimulia vita hata siku moja. Alisimulia watu waliochukuliwa kwenda kubeba.

Nikayaandika hayo, nikaagiza bakuli la pili.

Ijumaa, Kigamboni

Baada ya sala nikapanda pantoni. Leo sina mengi. Nilitaka tu kuiona bandari kutoka majini, kwa ndani, pale zilipobaki meli tatu za Wajerumani mlango ulipozibwa: König, Feldmarschall na Tabora. Tarehe 28 Novemba 1914 Waingereza walituma maboti madogo, maana hayo yaliweza kupita, kwenda kuziharibu mitambo. Mjini zilikuwa zinapepea bendera nyeupe. Maboti yakaingia bila kuguswa, yakafanya kazi yao, na wakati wa kutoka yakamiminiwa risasi kutoka pande zote mbili za mlango huu huu ninaouvuka kwa pantoni. Kiongozi wao, Henry Ritchie, alijeruhiwa mara nane akapewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Kila upande ulimlaumu mwenzake, na nikisoma maelezo yao naona kila mmoja ana sababu ya kuona aibu kidogo.

Tabora ilikuwa imepakwa rangi ya meli ya hospitali. Mwaka 1916 ilipigwa mizinga ikalala ubavu humu humu bandarini, na Septemba mwaka huo mji ukatekwa. Leo usiulize imelala wapi. Maji ni ya kijani, yana mafuta, na magati yamejengwa juu ya mengi.

Kwa mbali nje ya mlango unaviona visiwa vya Makatumbe, na mnara wa taa. Mnara hujengwa mahali ambapo vyombo vimekwisha kulipa.

Jumamosi, Kunduchi

Siku ya maana ilikuwa leo.

Kijiji cha wavuvi cha Kunduchi kina ufukwe ambao nusu yake ni karakana. Vyombo vimepandishwa juu, vingine vinapigwa kalafati, vingine vimebaki mifupa. Fundi niliyempata ni mtu wa makamo, maneno machache, mikono ina makovu ya patasi. Alikuwa anasokota pamba iliyoloweshwa mafuta, anaipachika katikati ya mbao mbili, anaigonga kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mlio wake ukisikiliza unabadilika. Mwanzo unavuma, kisha unakuwa mkavu, na ukishakuwa mkavu anasogea shibiri moja mbele.

Nikamuuliza mashua ikipanda mwamba ikavunjika, inabaki nini.

Hakujibu. Alinishika mkono akanizungusha mpaka ndani ya chombo alichokuwa anakitengeneza, akanionyesha mataruma, mbavu za chombo. Matatu kati yake yalikuwa na rangi nyingine, ya kahawia iliyokolea, na yana matundu ya misumari ya zamani yaliyozibwa kwa vijiti vya mti vilivyokatwa sawa na uso wa ubao.

"Haya yamezama mara moja," akasema. "Mti ni mzuri, kwa nini niutupe?"

Chombo cha kwanza kilivunjikia nje huko, kwenye fungu, msimu wa kusi. Wenyewe waliokoka. Walirudi maji yalipokupwa, wakang'oa kila kilichong'oka: mlingoti, foromali, mbao, misumari ya kunyoosha tena. Kilichobaki walikiachia bahari. Niliuliza kama watu hawaogopi kupanda chombo chenye viungo vya maiti. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema angeogopa zaidi mbao mpya zilizokatwa mbichi.

Kuvunjika kwa chombo huku kunaeleweka ukiujua mwendo wa maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kati ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam kuna tofauti ya zaidi ya mita tatu. Fungu ambalo saa nne asubuhi umelipita huku ukiimba, saa kumi jioni liko juu ya maji linakusubiri. Chombo kikipwelewa mahali pa mchanga, watu hukaa wakapika wakangoja maji yarudi. Kikipwelewa juu ya jiwe, na kusi linaendelea kuvuma, kila wimbi linakinyanyua na kukibwaga, na mkuku, uti wa mgongo wa chombo, haustahimili mabwago mengi. Mara nyingi dhoruba haina habari. Ni saa, ni jiwe, na ni nahodha aliyedhani anawahi.

Baada ya adhuhuri tukatoka kwa boti ya vijana wawili kuelekea Fungu Yasini. Eneo hili, pamoja na Bongoyo, Mbudya na Pangavini, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo tulilipa kiingilio kwanza. Maji yalikuwa yanakupwa. Kijana wa omo, aliyekaa mbele ya boti, alikuwa ameahidi kunionyesha "kitu cha zamani", na nilijiandaa kuona chuma.

Hakikuwa chuma. Tulipofika mahali penye maji ya kifuani alinielekeza niweke uso chini. Kulikuwa na mawe. Mawe ya mviringo, meusi, ukubwa wa kichwa cha mtoto, yamerundikana kwa urefu wa kama hatua kumi na mbili na upana wa nne, na katikati yao samaki mkunga amejifanyia mji. Ukishaishi pwani hii unajua jiwe letu ni la matumbawe, jeupe, lina matundu, linakata mguu. Haya yalikuwa laini ya mtoni. Yameletwa.

"Farumi," kijana akasema tulipopanda. Mawe ya kutuliza chombo kisicho na mzigo.

Hayana tarehe, hayana jina. Mbao zililiwa na wadudu wa baharini wanaotoboa, maana maji yenye joto kama yetu hayampi mti nafasi isipokuwa ukifukiwa na tope. Misumari ikaliwa na chumvi. Tanga lilioza kabla ya vyote. Farumi ndiyo haina anayeila wala anayeihitaji. Labda lilikuwa jahazi, labda mashua iliyotupa mawe yake baada ya kupata mzigo na kuendelea na safari zake salama. Hilo la mwisho nalipenda, ingawa umbo la rundo linanipinga.

Njiani kurudi nikawasimulia vijana habari ya São Rafael, chombo cha Vasco da Gama. Mwaka 1498 Wareno wakipanda kaskazini, chombo hicho kilipanda fungu kwenye pwani ya Mtangata, kusini ya Tanga ya leo, kikanasuliwa maji yalipojaa. Januari 1499, wakiwa njiani kurudi kwao, walikichoma moto wenyewe sehemu hizo hizo. Ugonjwa ulikuwa umewamaliza mabaharia, waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu.

Kijana wa usukani akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kabla ya kukichoma walitoa misumari.

Jumapili, gati la boti za Zanzibar

Nilitaka kuiruka siku hii. Lakini ukiandika habari za meli zilizozama ukaishia kwenye vita vya Wazungu na mawe ya farumi, utakuwa umewadanganya watu wa mji huu, kwa sababu hapa mtu akisema "meli imezama" wengi huziona nyuso.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na leseni ya watu mia sita na kitu, na uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba ilibeba zaidi ya 2,000. Waliokufa na wasioonekana walipita 1,500. Tarehe 18 Julai 2012, hata mwaka haujatimia, MV Skagit ilitoka hapa hapa Dar es Salaam mchana, kusi likiwa limeshika, ikapinduka karibu na Chumbe. Skagit ilijengwa mwaka 1989 kwa ajili ya maji ya ndani ya Seattle, huko Marekani, ambako bahari imezungukwa na nchi pande zote. Mkondo wetu wa Zanzibar si bwawa. Waziri wa Zanzibar aliyehusika na usafiri alijiuzulu mwezi ule ule.

Hivi ndivyo vyombo vilivyochukua watu wengi zaidi katika maji haya kwa kumbukumbu yetu, na ndivyo visivyo na cha kuonyesha. Kwa Spice Islander wapigambizi waliletwa hata kutoka Afrika Kusini, wakashindwa na mkondo na kina. Iko chini huko na waliomo wako nayo.

Mama mmoja anauza vitumbua karibu na lango la abiria. Nilinunua vinne. Tulizungumza bei ya mchele, kisha nikamuuliza kama watu bado wanaogopa kuvuka. Akasema msimu wa kusi wapo wanaoahirisha, wengine wanapanda ndege wakipata, ila harusi haiahirishwi na maiti haingoji. Yeye mwenyewe huvuka mara mbili kwa mwaka kwenda kwao Mkoani, Pemba. Akipanda huanza kuyatafuta maboya kwa macho, huyahesabu, ndipo hukaa.

"Na yakiwa machache?"

"Nashuka. Nilishashuka mara moja, na nauli sikudai."

Nadhani ukaguzi ule wa mama una thamani kuliko hotuba nyingi nilizosoma baada ya ajali zile. Siku hizi boti za kasi hukataza kuzidisha abiria na tiketi zina majina, hilo nililiona mwenyewe leo langoni: kijana alikuja na kitambulisho cha kaka yake akarudishwa. Aliondoka akitukana. Mama wa vitumbua akamwambia, "Usikasirike mwanangu, wanataka kujua wamwite nani."

Jumatatu, Stesheni na Gerezani

Leo mguu wangu haukugusa maji kabisa, na bado ndiyo siku niliyoikuta Königsberg.

Karakana za reli za Dar es Salaam ndizo zilizoihudumia ilipokuwa mafichoni. Boila zake zilipochoka, vipande vilifunguliwa kule delta vikaburutwa nchi kavu na wapagazi mpaka hapa, vikatengenezwa, vikaburutwa kurudi. Ndiko kubeba alikosimulia bibi wa Mohoro, au sehemu yake. Waingereza nao wakazamisha meli ya makaa, Newbridge, kwa makusudi, tarehe 10 Novemba 1914, kuziba mkono mmoja wa delta. Mwishowe wakaleta Severn na Mersey, manowari bapa zilizotengenezwa kwa ajili ya mito ya Brazili, na ndege za kuangalia risasi zinaangukia wapi zikirukia upande wa Mafia. Walijaribu tarehe 6 Julai 1915 wakarudishwa, wakaja tena tarehe 11. Nahodha wa Königsberg, Max Looff, akaamuru meli yake ilipuliwe ikae chini.

Hapo ndipo wengine hufunga kitabu, na ndipo kisa kinaponoga. Maji yalikuwa machache, kwa hiyo mizinga yote kumi ilitolewa, ikaletwa karakana za Dar, ikafungiwa magurudumu, ikaingia porini. Meli iliyozama ikaendelea kupigana nchi kavu. Mizinga ile ilivutwa na mamia ya watu kila mmoja, kupita matope na vilima, na waliokuwa kwenye kamba ni hawa hawa wa kwetu. Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, kambi ikiwa Kariakoo, hatua chache kutoka hapa ninapoandika. Walikufa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu la Askari pale Samora limesimama na bunduki. Ningependa liwe na mwenzake mwenye kamba begani.

Mzinga mmoja wa Königsberg ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli iliyopita Dar es Salaam ikiwa kwenye makasha kama mali ya dukani, ikapanda treni, ikaunganishwa ziwani Tanganyika. Julai 1916 nayo ikazamishwa na wenyewe. Ila mafundi waliopewa kazi hiyo walipaka mitambo grisi kila mahali kabla ya kuifungulia maji. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikabeba dagaa, wakimbizi na wanafunzi wa Kigoma kwa miongo mingi.

Na mzoga wa Rufiji? Mwaka 1924 haki ya kuukwangua iliuzwa kwa pauni 200, na aliyenunua ni nahodha wa zamani wa Pegasus, yule yule aliyezamishiwa meli yake Unguja. Alitoa shaba na madini mengine ya bei, kisha akauza haki kwa wengine. Ukaendelea kukatwa miaka na miaka mpaka miaka ya 1960, kilichobaki kikadidimia kwenye tope la mto. Mzinga mmoja uko Pretoria, mwingine uko Mombasa, Fort Jesus, uwanja mmoja na mzinga wa Pegasus.

Nimetoka Stesheni nikavuka kuingia mtaa wa Gerezani, kwenye mafundi wa vyuma. Pale kuna mtu anatengeneza nanga za ngalawa kwa nondo: anapasha ncha nne moto, anazipinda moja moja kwenye shimo la chuma kizito, anazifunga kwa kulehemu, anazijaribu kwa kuzikanyaga. Nikamsimulia. Alisikiliza akiendelea kugonga mpaka niliposema pauni 200, akaacha.

"Meli ilikuwa tani ngapi?"

"Zaidi ya elfu tatu na mia tatu."

Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu, akafungua kikokotoo. Aliuliza bei ya kilo ya chuma chakavu kwa jirani yake, ambaye aliuliza ni chuma cha nini, naye akamjibu cha meli. Wakabishana kidogo kuhusu kutu, kwamba inapunguza uzito. Akazidisha. Akanionyesha namba kwenye kioo, sifuri nyingi, akamwonyesha na jirani.

"Kwa mia mbili?" jirani akasema. "Huyo aliyeuza alikuwa na shida gani?"

Mwenye nanga alikuwa na swali lingine. Alitaka kujua kama kuna kilichobaki huko chini, na kutoka Rangi Tatu, Mbagala, mpaka Nyamisati kwenye delta ya Rufiji nauli ni kiasi gani siku hizi.